Mtetea Akikoma Kutaga, Achunguzwe Kabla ya Kuuzwa

Katika maboma mengi ya pwani kisa huwa hiki. Mitetea kumi wa kienyeji walioboreshwa, walionunuliwa wakiwa vifaranga, wanaanza kutaga wakifikisha miezi mitano au sita. Kwa wiki kadhaa mwenye boma anaokota mayai sita au saba kwa siku. Kisha yanabaki mawili, halafu siku zinapita bila hata yai moja. Jirani anasema mbegu ilikuwa mbaya, mwingine anasema wamerogwa, na mnunuzi wa kuku wa nyama hakosi kupita. Kuku wanauzwa kwa bei ya kitoweo.

Hasara yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mwaka wa kwanza wa kutaga ndio wenye mayai mengi zaidi, kwa hivyo anayewauza kuku wa umri huo ameshawalisha miezi yote ya gharama na kuwatoa pale pesa zilipoanza kurudi. Kuku mkongwe hupunguza mayai pole pole kwa sababu ya umri. Mtetea anayekoma ghafla kuna kitu amekikosa, au kuna kitu kinamsumbua, na mara nyingi kitu hicho hurekebishika.

Kwanza ihakikishwe kwamba kweli wamekoma. Kuku wanaotembea huru hupenda kutaga mafichoni: nyuma ya rundo la makuti, chini ya ghala, ndani ya kichaka. Dawa ni kuwafungia bandani hadi saa tano asubuhi kwa siku tatu au nne, wakiwa na chakula na maji, kwa kuwa mayai mengi hutagwa asubuhi. Mayai yakionekana, tatizo ni viota. Kiota kimoja chenye nyasi kavu, mahali penye giza kidogo, kinatosha kuku wanne au watano. Nguchiro, kenge, nyoka na kunguru nao ni wezi wa mayai, na wakati mwingine mwizi ni kuku mwenyewe, ambaye hutambulika kwa ute uliokauka kwenye mdomo.

Ikiwa hakuna yai popote, chakula ndicho cha kuangaliwa kabla ya kitu kingine chochote. Hapa ndipo wafugaji wengi hukosea, na si kwa uvivu. Mitetea wakiwa wadogo hulishwa vizuri, chakula cha dukani kinanunuliwa, kisha wakianza kutaga wanaonekana wamekua na wanaachiwa mahindi, pumba na mabaki ya ugali. Lakini wakati huo ndio mwili wa mtetea unadaiwa mara mbili: bado anakua, na tayari anatengeneza mayai. Kuku wa mayai anahitaji chakula chenye protini ya asilimia 16 hivi. Mahindi yana asilimia 8 au 9 tu. Akila mahindi matupu ananenepa, mafuta yanamjaa tumboni, na mayai yanakatika. Mwenye boma akimbeba anamwona mzito na kudhani ameshiba vizuri.

Ganda la yai lina hesabu yake pia. Yai moja huhitaji takriban gramu 2 za kalsiamu. Asipoipata kwenye chakula, kuku huichota kwenye mifupa yake. Mayai huanza kutoka na ganda jembamba, au bila ganda kabisa, baadaye yanakoma. Anayeona ganda laini leo ameshaonywa.

Kwa hivyo mara yai la kwanza linapoonekana, mitetea wahamishwe kwenye chakula cha kuku wa mayai. Anayefungiwa bandani hula gramu 110 hadi 130 kwa siku, yaani takriban kilo moja na robo kwa kuku kumi. Anayejitafutia nje hupewa pungufu, lakini hasahauliki. Ambaye hawezi kununua chakula kamili anaweza kuongezea mahindi yake dagaa waliokauka na kusagwa, mashudu ya alizeti, mboga za majani na mchwa. Makombe ya baharini yaliyopondwa yawekwe katika chombo chake, kuku ajilie kadiri anavyohitaji. Soya isilishwe mbichi, ikaangwe kwanza.

Maji hudharauliwa kuliko chakula. Sehemu kubwa ya yai ni maji, na kuku aliyekosa maji hata siku moja anaweza kukata mayai kwa siku nyingi. Katika joto la kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, kuku huhema mdomo wazi, hula kidogo na hunywa sana. Chombo cha maji kikae kivulini na kibadilishwe mara mbili au tatu kwa siku. Chakula kitolewe alfajiri na jioni jua likipoa.

Kuku anayekaa kiotani mchana kutwa, akijitutumua manyoya na kufoka anaposogelewa, si mgonjwa. Anataka kuatamia. Mayai huanguliwa kwa siku 21, na pamoja na kulea anaweza kukaa miezi bila kutaga. Kama vifaranga hawatakiwi, awekwe siku tatu au nne kwenye kizimba chenye sakafu ya fito au waya, bila nyasi, akiwa na maji na chakula. Kumtumbukiza kwenye ndoo ya maji, kama wengine wafanyavyo, ni kumtesa bure.

Wadudu huvizia usiku. Utitiri mwekundu hujificha mchana kwenye nyufa za banda na kunyonya damu kuku wakilala, hivyo banda limulikwe kwa tochi saa tatu usiku. Upanga uliopauka na kuku aliyekonda huku anakula ni dalili ya utitiri au ya minyoo. Dawa ya minyoo hutolewa kila baada ya miezi mitatu.

Mayai yakikatika kwa kundi zima ndani ya siku chache, na kuku wanakohoa, wanaharisha kijani au kupinda shingo, huo huenda ni ugonjwa wa Newcastle, yaani kideri. Asiuzwe kuku hata mmoja. Afisa wa mifugo wa wadi aarifiwe siku hiyo hiyo. Chanjo ya tone moja jichoni hurudiwa kila miezi mitatu. Chupa moja huwa na dozi nyingi na haihifadhiki ikishafunguliwa, kwa hivyo majirani hufaidika wakichanja siku moja.

Baada ya kurekebisha chakula na maji, kundi lipewe wiki tatu. Ndipo kila kuku akaguliwe nyuma: anayetaga ana tundu pana lenye unyevu, na kati ya mifupa miwili ya nyonga vidole viwili au vitatu hupita. Ambaye hata kimoja hakipiti anaweza kwenda sokoni. Kwa kuku aliyepewa dawa, zihesabiwe kwanza siku zilizoandikwa kwenye chupa, na mayai yake ya siku hizo yasiliwe wala kuuzwa.