Kisite: Mwamba, Ndege na Msamiati wa Pwani

Utangulizi

Kusini mwa kisiwa cha Wasini katika Kaunti ya Kwale, si mbali na mpaka wa bahari kati ya Kenya na Tanzania, kuna kisiwa kidogo kiitwacho Kisite. Hakina mkazi wala shamba. Ni mwamba wa matumbawe ya kale uliosalia juu ya maji baada ya bahari kushuka, na wenyeji wake ni ndege, kaa na vile viumbe vinavyong'ang'ania jiwe wimbi linapopiga. Makala haya yanavichunguza viumbe hivyo pamoja na maneno ambayo Kiswahili kimevipa, maadamu mambo hayo mawili hayatenganiki. Mwanafunzi aliyelelewa bara anaweza kuhitimu shahada ya Kiswahili bila kujua kwamba kasa na ng'amba si mnyama mmoja, ilhali mvuvi wa Shimoni au Mkwiro huwatofautisha kwa kutazama tu gamba.

Kisite ni mojawapo ya visiwa vidogo vya eneo lililohifadhiwa kisheria. Vingine ni Mpunguti ya Juu, Mpunguti ya Chini na Liwe la Jahazi. Jina hili la mwisho linastahili kuzingatiwa na mwanaisimu: *liwe* ni umbo la *jiwe* ambalo Kiswahili sanifu hakilitumii, lakini limehifadhika katika jina la mahali, kama ambavyo majina ya mahali aghalabu huhifadhi kilichoachwa na kamusi. Hifadhi yenyewe ilitangazwa mwaka wa 1973 na kutangazwa upya mwaka wa 1978. Eneo la Kisite, lenye kilomita za mraba 28, haliruhusiwi kuvuliwa kabisa. Eneo la Mpunguti, lenye kilomita za mraba 11, huruhusu uvuvi wa kijadi. Katika matumizi ya Kenya eneo la kwanza huitwa mbuga ya kitaifa ya baharini. Ikumbukwe kuwa *mbuga* kwa asili ni uwanda mpana wa nyasi. Hapa uwanda huo umo chini ya maji, na hakuna anayeonekana kushangaa.

Kupwa na kujaa

Anayetaka kuelewa maisha ya mwamba kama huu hana budi kuanza na maji. Neno *pwani* lenyewe linatokana na kitenzi *-pwa* pamoja na kiambishi cha mahali *-ni*: ni pale maji yanapokupwa. Katika pwani ya Kenya maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa yake husogea mbele kwa takriban dakika 50. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji makuu na maji yaliyokupwa huweza kufikia mita 3 hadi 4. Wakati wa maji mafu tofauti hiyo hupungua sana.

Kwa hiyo ukingo wa mwamba umegawika kwa ngazi. Juu kabisa, panapofikiwa na marashi ya mawimbi tu, huishi konokono wadogo wanaoweza kujifunga ndani ya makombe yao na kustahimili jua. Chini yao hushikamana chaza, kisha panafuata vidimbwi vyenye viti vya pweza, kaa na samaki wachanga. Chini zaidi, mahali ambapo hukauka wakati wa bamvua pekee, ndipo pweza anapojificha. Mkusanyaji wa pweza hahitaji kalenda ya ukutani. Neno *bamvua* humweleza ni siku zipi atapata mawindo na ni siku zipi atarudi mikono mitupu. Msamiati huu ni elimu iliyokusanywa kwa karne nyingi, wala si pambo la lugha.

Ndege wa misimu miwili

Sifa ya Kisite imetokana zaidi na ndege. Wakati wa kusi, hasa kati ya Juni na Septemba, buabua wenye kifua chenye wekundu wa waridi (*Sterna dougallii*) hutaga mayai yao kwenye miamba ya visiwa vya pwani ya Kenya, Kisite kikiwemo. Buabua huyu hajengi kiota cha maana. Hutaga yai moja au mawili juu ya jiwe au kando ya majani machache, na madoa ya yai hufanana mno na mwamba. Ulinzi huo unamfaa dhidi ya jicho la mwewe, lakini hauwezi kumkinga na unyayo wa mtu asiyeliona yai. Isitoshe, mgeni akishuka kisiwani kundi zima huruka. Mayai na makinda hubaki wazi kwa jua la mchana, na shakwe au kunguru hawakawii kufika.

Kaskazi inapoingia, mpangaji mwingine huwa amekwisha kufika. Huyu ni ndege mweupe na mweusi, mwenye miguu mirefu na mdomo mnene wa kuvunjia kaa, ambaye wataalamu humwita *Dromas ardeola*. Ni spishi ya pekee katika familia yake. Huzaliana katika pwani za Bahari ya Shamu, Ghuba na Bahari ya Arabu, zikiwemo za Omani, na tofauti na ndege wengine wa ufuoni, huchimba shimo refu mchangani na kutaga humo yai moja jeupe. Kisha wengi huja Afrika Mashariki na kukaa kuanzia Agosti hadi Aprili. Njia yake inakaribiana na ile iliyofuatwa na majahazi, ingawa yeye hasubiri upepo.

Hapa ndipo tatizo la kileksikografia linapojitokeza bayana. Ndege huyu ambaye watu wa pwani wamemwona kila mwaka hana jina moja lililokubalika katika Kiswahili sanifu. Buabua naye, ambaye ana jina, humkanganya msomaji, kwa kuwa kamusi nyingi hutosheka kumweleza ndege wa namna hii kama aina ya ndege wa baharini. Fasili hiyo ingemfaa shakwe vilevile, yule yule anayeyala mayai ya buabua! Tangazo linalomwomba mgeni asiwasumbue ndege wa baharini halimwambii ni ndege yupi anayetaga, wapi, na katika miezi ipi. Inafaa kukumbuka kwamba Charles Sacleux, katika kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa iliyotoka kati ya 1939 na 1941, alijitahidi kutambulisha mimea na wanyama kwa majina ya kisayansi na kuonyesha lahaja ya kila neno. Kamusi zilizofuata zilipata faida ya usanifishaji, lakini katika eneo hili zilirudi nyuma.

Je, tumbawe hufa?

Suala la mwisho ni la sarufi. Tumbawe ni kazi ya wanyama wadogo wanaoishi kwa makundi na kujijengea mifupa ya chokaa. Ndani ya miili yao huishi vijimea vidogo vinavyowapa chakula na rangi. Maji yakipata joto la kupita kiasi, vijimea hivyo hufukuzwa, tumbawe hupauka, na hali hiyo ikidumu hufa. Mwaka wa 1998 sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya ilikufa kwa njia hiyo, na mwaka wa 2016 yalipauka tena.

Sarufi, hata hivyo, haimweki mnyama huyu katika ngeli ya A-WA. Husemwa *tumbawe limekufa*, wala si *amekufa*. Kiti cha pweza nacho kimebaki katika KI-VI, pamoja na kiti anachokalia mwalimu. Huenda mtu akapendekeza kwamba upatanisho ubadilishwe ili uafikiane na sayansi. Pendekezo hilo halina mashiko. Mti hauingii katika A-WA, na bado kila mzungumzaji anajua kwamba mti hufa. Kinachopotosha ni uzoefu wa kuyaita matumbawe *mawe ya bahari*, kwa sababu jiwe likivunjwa kwa nanga huwa limevunjika tu, lakini tumbawe likivunjwa kuna kilichouawa. *Matumbawe hai* na *kupauka kwa matumbawe* ni maneno yanayoeleweka bila mkalimani, na tayari yanatumika. Nahodha anayewapeleka wageni Kisite akiyasikia anajua kwa nini ameagizwa kufunga mashua kwenye boya badala ya kutupa nanga.