Fundi, Rudisha Vyeti vya Vijana

*Shikamoo mama. Mimi ni fundi ujenzi hapa Mnazi, Lushoto, nina miaka 51. Kwa muda mrefu nimekuwa nachukua vijana waliokosa pa kushika: yatima, walioishia darasa la saba, waliofeli kidato cha nne. Wanakula kwangu, wanalala kwangu, nawafundisha kazi. Lakini kijana akishajua kusimamisha kona tu, anaondoka, tena bila kuaga. Mwaka huu wameondoka wawili, mmoja yuko Dar es Salaam anachukua kazi zake mwenyewe. Aliyebaki naye ameanza habari za kwenda chuo cha ufundi cha VETA, nimemwambia asubiri tumalize nyumba ya mteja. Vyeti vyao ninavitunza mimi ili wasiniponyoke. Nifanye nini wawe na shukrani?*
*Fundi, Mnazi*

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako ilikuwa ndefu, nimeikata sana. Sentensi moja sikuigusa, ile ya vyeti. Umeipitisha haraka karibu na mwisho, na mimi nimekwama hapohapo.

Kwanza nikupe haki yako. Kijana wa Mnazi aliyemaliza shule mikono mitupu, mbele yake kuna kukata mkonge au kupanda basi kwenda Dar es Salaam kutembeza kahawa. Wewe ulimfungulia mlango, ukampa sahani na mwiko. Wapo ndugu wa damu walioshindwa kufanya hivyo.

Sasa niambie, vyeti vya watu vinafanya nini kabatini kwako? Cheti cha kuzaliwa cha yatima ndiyo karatasi inayomtaja baba na mama yake. Cheti cha kidato cha nne, hata kiwe na alama za kusikitisha, ni miaka minne ya maisha yake. Kijana anakuja navyo ndani ya bahasha ya kaki iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni visilowe, anakukabidhi kwa mikono miwili kwa sababu anakuamini. Nawe ukaona hapo ndipo pa kumshikia. Unalalamika hawaagi. Ataagaje mtu anayejua kwamba akiaga atanyimwa bahasha yake? Huyo wa Dar es Salaam aliona bora aache kila kitu nyuma.

Umeniuliza habari ya shukrani, lakini katika barua nzima sikuona neno ujira. Kula na kulala si mshahara. Saidia fundi anayechanganya zege tangu asubuhi anastahili posho mkononi, hata akiwa bado anajifunza, na siku anapoweza kusimamisha kona peke yake ameshakuwa fundi, alipwe kama fundi. Ukiendelea kumlipa ugali, amekufanyia kazi ya bure, na anajua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka ujira ulipwe na inakataza kumfanyisha mtu kazi kwa shuruti. Sikutishi. Nakuonyesha ulipofika bila kukusudia.

Nimeamini maisha yangu yote kwamba mwalimu wa kazi hupimwa kwa wanaoondoka. Kijana akiingia kwako, kaeni chini na mjomba wake au mama yake, mwambie atajifunza nini, atalipwa nini, na lini atakuwa huru. Muda huo ukifika, muage mbele ya mafundi wenzako na umpe timazi yake mwenyewe. Huyo hatakukimbia. Akipata jengo kubwa linalomshinda, wewe ndiye atakayekupigia simu, na hapo utapata kazi ambazo leo huzipati.

Huyu aliyebaki aende VETA, nyumba ya mteja utaimaliza na wengine. Walioishia darasa la saba waulizie Mtihani wa Maarifa, wakifaulu wataweza kufanya mtihani wa kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea. Wale wanaoijua kazi lakini hawana karatasi, VETA ina utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Hata wewe, fundi, unaweza kupimwa. Halmashauri nayo hutenga mikopo ya vikundi vya vijana, muone afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Lakini hayo yote yanahitaji karatasi, na karatasi unazo wewe. Leo jioni, kabla ya chakula, fungua hilo kabati. Mpe kijana bahasha yake mkononi na umruhusu aende kuchukua fomu. Ya yule mwingine aliyeondoka, ipeleke kwao. Ya huyu wa Dar es Salaam, itume kwa basi la kesho, kisha umpigie simu umwambie ni basi gani na linafika saa ngapi.