Transfoma Iliyozimika Bado Inaua

Katika visiwa vya Mafia, Juani ikiwamo, sola, jenereta na umeme wa nguzo vinaweza kukutana ndani ya ua mmoja. Hali hiyo inazaa hatari ambazo wengi hawazifikirii, na kubwa kuliko zote hutokea wakati umeme umekatika.

Sijagusa waya. Umeme utanipataje?

Utakurukia. Upande wa juu wa transfoma za mitaani hapa Tanzania hubeba volti 11,000 au 33,000, wakati soketi ya nyumbani ina 230. Kwa nguvu hiyo hewa haitoshi kuwa kinga: ukisogea mno, umeme huvuka pengo na kukuunguza. Nyaya zenyewe zimeachwa wazi, hazina ganda la plastiki. Kwa watu wa pwani ninachoogopa zaidi ni mlingoti, foromali na upondo. Ukiinua mti mrefu chini ya laini, tena umelowa maji ya chumvi, umejiunganisha mwenyewe. Ubebeni umelala, mmoja mbele, mmoja nyuma.

Popo au tumbili akifia juu ya transfoma, tumtoe?

Hapana, hata kwa mti mkavu. Popo wakubwa kama wale wa Chole wana mabawa marefu yanayoweza kugusa nyaya mbili kwa wakati mmoja, na hapo hufa papo hapo. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha umeme cha Gitaru, na Kenya nzima ikakosa umeme. Kumtoa mnyama ni kazi ya TANESCO, baada ya laini kuzimwa na kufungwa ardhini.

Mbona usiku vikombe vya transfoma vinatoa cheche na sauti kama ya kukaanga?

Ni chumvi. Upepo wa bahari huipaka juu ya vikombe, na umande ukiilowesha, umeme hutambaa juu yake. Toa taarifa, na msikae chini yake.

Mafuta ya transfoma yana kazi gani, na kwa nini yanaibwa?

Yanapoza nyaya za ndani na kuzitenganisha zisigusane kiumeme. Wezi huyauza, na Afrika Mashariki yamewahi kukutwa yakitumika kukaangia vyakula. Hayafai kukaangia samaki, kupaka kidonda wala kupaka chombo badala ya sifa. Transfoma za zamani zinaweza kuwa na kemikali za PCB, ambazo hukaa mwilini miaka mingi na zinahusishwa na saratani. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliziwekea nchi wanachama, Tanzania ikiwamo, lengo la kuacha kutumia vifaa vyenye kemikali hizo ifikapo 2025. Mafuta yakipungua, transfoma huchemka na inaweza kulipuka. Ikiwaka moto, msiimwagie maji. Kaeni mbali.

Waya wa shaba unaoshuka kwenye nguzo hadi ardhini nao huibwa. Ukikatwa, volti majumbani hucheza, vyombo huungua, na hata chuma cha nguzo kinaweza kuwa na umeme.

Umeme umekatika, nimewasha jenereta. Namdhuru nani?

Unaweza kumuua fundi aliye juu ya nguzo. Transfoma hufanya kazi pande zote mbili. Ikipokea volti 33,000 inashusha hadi 400; ukiisukumia umeme wa jenereta kutoka nyumbani, inaupandisha kwa uwiano uleule, zaidi ya mara 80. Fundi anajua laini imezimwa kituoni, kumbe wewe umeiwasha upya kwa kuchomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani. Inveta ya sola iliyounganishwa ovyo inaweza kufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo hata siku ya giza, kila transfoma na kila waya uhesabiwe kuwa una umeme. Kishoka, yaani fundi asiye na leseni, anayepanda kufunga fyuzi kwa kipande cha waya anahatarisha roho yake na mtaa mzima.

Waya umeanguka na mtu amelala karibu nao. Tufanyeje?

Kimbunga Hidaya kilipoipiga Mafia tarehe 4 Mei 2024, kilitukumbusha kwamba minazi na nguzo huweza kuanguka. Umeme wa waya ulioanguka husambaa ardhini, na ukipiga hatua ndefu, mguu mmoja hupata volti tofauti na mwingine. Mkondo unapita mwilini. Ondoka kwa kuburuza miguu iliyobana, angalau mita 10. Mti mkavu wa kumtengia mtu na waya ni wa umeme wa nyumbani tu. Kwa laini kubwa haukukingi. Inauma kumtazama ndugu yako bila kumgusa, lakini anayemkimbilia huwa maiti ya pili. Pigeni simu TANESCO ili laini izimwe kwanza.

Na wewe mwenye jenereta: kabla ya kuiwasha tena, mwite fundi mwenye leseni ya EWURA akufungie swichi ya chenjiova, inayokata laini ya nguzo kabla ya jenereta kuingia.