Kabla Hujawasha Kompyuta, Pita Buyenzi

Vijana wanaoanza kazi ya kubuni nembo na mabango hapa Bujumbura huniuliza watumie programu gani. Programu utaizoea kwa miezi michache. Mimi huwauliza: atakayesoma bango lako atakuwa amesimama wapi, na amebeba nini? Kazi yangu yote huanzia kwa mtu huyo.

1. Tembea kwanza. Nenda mtaa wa Buyenzi asubuhi, kwenye barabara za magereji, uwatazame wachoraji wa kuta. Mmoja nilimtazama mpaka akamaliza. Alipaka uzi chaki, akashika ncha moja, kijana wake akashika nyingine, wakauvuta na kuuachia: pa! Mstari ukanyooka ukutani. Akaandika maneno kwa chaki, kisha akavuka barabara kuyatazama kwa mbali, brashi bado kavu. Aliporudi alifuta neno "bora", akazikuza herufi zilizobaki. Nilijifunza mengi dakika ile.

2. Bango la barabarani ni la abiria wa pikipiki. Ana sekunde mbili tatu. Jina, kazi, namba ya simu, basi. Orodha ya huduma kumi na mbili itafaa kwenye karatasi ya kugawa mkononi.

3. Lugha moja itangulie. Kirundi, Kifaransa na Kiswahili hukutana kwenye mlango mmoja hapa kwetu, na ukizipa zote ukubwa sawa zinagombana. Duka la Buyenzi liite wateja kwa Kiswahili. Kliniki inayopokea watu kutoka vijijini, Kirundi kiwe juu. Maneno ya Kirundi huwa marefu, kwa hiyo usibane herufi ili neno lienee; badili mpangilio. Mwenye lugha yake asome kwa sauti kabla hujaenda kwa mchapaji.

4. Itazame bendera yetu kwa jicho la fundi. Tulipopata uhuru mwaka 1962, katikati palikuwa na ngoma ya kifalme na mmea wa mtama. Ufalme ulipoondolewa mwaka 1966 ngoma ikatolewa, mtama ukabaki. Machi 1967 zikaja nyota tatu zenye pembe sita. Ngoma naipenda sana, lakini ni vigumu kuichora. Nyota, mtoto wa shule anaichora kwa penseli. Nembo ya mteja wako ijaribu hivyo hivyo: mwonyeshe mtoto, ifiche, mwambie aichore. Alichokikumbuka ndicho cha kubakiza. Mimi hufanya hivi kwa kila nembo, hata mteja akiwa na haraka.

5. Usiamini rangi ya kioo. Kioo cha kompyuta huchanganya mwanga mwekundu, wa kijani na wa bluu. Mashine ya kuchapa huchanganya wino, na kijani kinachowaka kwenye kioo hutoka kimefifia kwenye karatasi. Niliwahi kuchapisha kadi za harusi bila kutoa moja ya majaribio. Rangi ya machungwa aliyoichagua bibi harusi ilitoka kama udongo. Nilizichapisha upya kwa pesa zangu, na tangu hapo sichapishi nakala mia kabla sijashika moja na kuitoa juani.

6. Fungua sanduku la leso la bibi yako. Pindo pande zote nne, mji katikati, jina (maneno yake) kwa mstari mmoja. Mpangilio wa ukurasa huo hapo.

7. Jioni shuka ufukweni, hasa umeme ukikatika. Jua linapozama, tazama milima ya Uvira ng'ambo ya ziwa: safu ya mbele bluu nzito, ya pili imepauka, ya tatu karibu imeyeyuka angani. Ni rangi moja kwa viwango vitatu. Niliitumia kwenye nembo ya muuza samaki aina ya mukeke, mistari mitatu na jina lake chini. Alipoiona, alisema anaona ziwa. Ziwa sikulichora.