Kiwavi, Kipepeo na Chungu wa Maji Moto



Mwanachama mmoja alileta ofisini tawi la mkarafuu lenye kiota cha maji moto. Akakipasua juu ya meza yangu (kuwafagia chungu kulinichukua asubuhi nzima), akanionyesha vitu vyeupe kama punje za mchele. "Katibu," akasema, "mayai yote haya! Tusiyatie moto?" Nikamjibu kuwa yale si mayai, na hapo nikaona ipo haja ya kuwaeleza wote.

Tuanze na mdudu aliye rahisi kumtazama. Kwenye mndimu hakosi kufika kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano. Jike hutaga yai moja moja juu ya majani machanga. Hutoka kiwavi mdogo mwenye mabaka meusi na meupe, mfano wa kinyesi cha ndege, hata ndege mwenyewe humpita asimle. Akikua hugeuka kijani, na ukimgusa huchomoza nyuma ya kichwa pembe mbili laini zenye harufu kali. Kazi yake ni kula tu, na ndiye anayemaliza miche ya ndimu na michungwa. Kipepeo hali majani. Hunywa utamu wa maua kwa mrija.

Kiwavi akishashiba hujifunga kwenye kijiti kwa uzi mwembamba, akavua ngozi yake ya mwisho na kubaki ganda lisilokula wala kutembea. Watu hudhani amelala. Hakulala hata kidogo. Ndani yake misuli mingi ya kiwavi na viungo vingine huvunjwavunjwa, na vijisehemu vidogo alivyokuwa navyo tangu utotoni hukua vikawa mabawa, miguu mirefu na mrija. Baada ya wiki mbili au zaidi ganda hupasuka.

Chungu naye hupita njia hiyo hiyo. Yai la maji moto ni dogo mno. Zile punje ni mabuu, wasio na miguu, wanaolishwa na dada zao. Ukitazama vizuri utaona nyingine zina alama za miguu iliyokunjwa kifuani: hao ndio wanaogeuka.

Na jambo la ajabu ni hili. Kiota kile cha majani hakishonwi na wakubwa, kwani hawana uzi. Chungu hujipanga safu, wakavuta kingo za majani mpaka zikutane. Wengine huja na mabuu midomoni, wakawagusisha ukingo huu na ule, na buu hutoa uzi wa hariri unaoshika majani. Basi buu hutoa hariri yake yote kwa ajili ya nyumba, na zamu yake ya kugeuka ikifika hana ya kujifunika. Hugeuka akiwa uchi.

Mchwa wanaokausha miche ya mikarafuu si ndugu zao. Mtoto wa mchwa huanguliwa ana miguu sita na sura ya wakubwa wake, wala hapiti hatua ya ganda. Jamaa yake ni mende.

Je, tuwatie moto? Kuumwa na maji moto mtini si mzaha, nami simlaumu mchumaji anayekataa kupanda. Tena huwafuga wadudu gamba juu ya mikarafuu kwa ajili ya utamu wao, kama alivyoeleza Bwana M. J. Way mwaka 1954 katika uchunguzi wake wa chungu hawa hapa Unguja. Lakini hao hao hulinda minazi na kunguni anayefyonza nazi changa na kuziangusha. Mwenye minazi katikati ya mikarafuu asichome ovyo. Akate kiota kilicho kwenye tawi linalochumwa, vingine aviache.

Miche ya ndimu, okoteni viwavi kwa mkono. Ofisini nimeweka magandа mawili ndani ya chupa ya kioo, na tangu jana moja limeanza kuonyesha rangi ya mabawa. Anayetaka kuona aje mapema.

Katibu