Somo la Mwezi: Mahali pa Kupiga Hema Karibu na Nairobi



Kila mwaka likizo ya Agosti inapokaribia, twaulizwa swali lile lile. Vijana huuliza, wazazi huuliza, na walimu wa shule ya Jumapili huuliza: twende wapi tukapige kambi, pasiwe mbali na Nairobi, pasiwe na gharama ya kututisha, na watoto wa watu warudi salama? Kwa kuwa sisi tumekwisha kuwapeleka vijana mara nyingi, na kukosea zaidi ya mara moja, tumeona vema kuliandika jambo hili kama somo, lisomwe polepole katika vikundi, badala ya kujibiwa haraka haraka pale mlangoni watu wakitoka ibadani.

Kwanza tuulizane: maana ya "karibu" ni nini? Wengi huhesabu kilomita. Sisi tumejifunza kuhesabu saa, tena kuzihesabu kwa kurudi nyuma. Huku kwetu jua hutua yapata saa kumi na mbili na nusu jioni, na giza halina subira. Hema ambazo hazijasimama kufikia saa kumi zitapigwa kwa tochi, na hema lililopigwa kwa tochi huwa juu ya jiwe au juu ya njia ya siafu. Basi ondoa saa mbili za kupiga hema na kutafuta kuni, ondoa saa moja ya kungojana kituoni (maana hakuna kikundi kisichongojana), kisha uone saa zinazobaki za safari. Naivasha ni yapata kilomita 90 kutoka Nairobi, nayo yatosha kuitwa karibu. Lakini ukiondoka Ijumaa jioni pamoja na Nairobi nzima, barabara ya Limuru itakufundisha kwamba karibu imegeuka kuwa mbali.

Kuna kipimo cha pili ambacho watu hukisahau. Mtoto akivunjika mkono saa nane za usiku, itachukua muda gani kumfikisha kwa daktari, na kwa gari la nani? Mahali pasipo na jibu la swali hilo ni mbali, hata kama taa za mji zaonekana.

Sasa twende kwenye mahali penyewe. Walio na watoto wadogo, au wanaojaribu kwa mara ya kwanza, wasione haya kuanzia ndani ya mji. Rowallan, kambi ya maskauti iliyo kando ya msitu wa Ngong, imefundisha vizazi vingi vya vijana kufunga kamba na kuwasha moto. Mwenyewe Baden-Powell, aliyezikwa Nyeri mwaka 1941, hakuanza kwa safari ndefu. Mwaka 1907 aliwachukua wavulana wapatao ishirini, akawavusha kwa mashua hadi kisiwa kidogo cha Brownsea huko Uingereza, karibu kabisa na pwani, wakakaa wiki moja hivi. Vilima vya Ngong vyapendeza kwa matembezi ya mchana, lakini kileleni ni mita 2,460, na upepo wa kule si wa mchezo. Si bure kwamba mitambo ya umeme wa upepo imesimamishwa pale. Ol Donyo Sabuk, upande wa Thika, ni mlima mzuri wenye msitu, ila nyati ni wengi na haifai kutembea bila askari wa wanyama. Kwa kikundi kikubwa cha vijana wenye miguu isiyotulia, hilo ni tatizo.

Ndiyo sababu wengi wetu huishia Hell's Gate, kusini ya Ziwa Naivasha. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1984, ina ukubwa wa kilomita za mraba 68 hivi, na ni moja ya hifadhi chache nchini ambamo mtu huruhusiwa kutembea kwa miguu au kwa baiskeli katikati ya pundamilia na swala. Matatu ya njia ya kusini ya ziwa yakushusha kwenye njia panda, nawe wabakiwa na mwendo mfupi hadi lango la Elsa. Ndani kuna viwanja vya kupiga hema, kama Naiburta na Ol Dubai, vilivyo juu, pande mbili za bonde, si chini penye mchanga. Msomaji ashike neno hilo "juu", maana ndilo kiini cha somo letu.

Mwaka 2012, mwezi wa Aprili, vijana wa kikundi cha kanisa walikuwa katika korongo la Hell's Gate maji yalipowajia kwa ghafula. Saba walikufa. Tarehe 1 Septemba 2019 maji yalikuja tena, na watu saba wakafa, pamoja na mwongozaji aliyeijua njia hiyo. Korongo likafungwa kwa muda. Hatuyataji haya ili kuwatisha wazazi. Twayataja kwa sababu wale wa mwaka 2012 walikuwa kikundi kama chetu, wamepanda gari kama letu, na bila shaka wamebeba sufuria kama zetu.

Yatupasa kufahamu jinsi linavyotokea. Korongo lile lilichimbwa na maji: zamani sana ziwa lilikuwa kubwa kuliko lilivyo leo, likafurika na kutokea upande huo, likakata mwamba hadi pakabaki njia nyembamba yenye kuta ndefu. Ziwa limerudi nyuma, lakini njia ya maji imebaki njia ya maji. Mvua ikinyesha vilimani, mbali na macho yako, maji yote hukusanyika na kushuka humo. Wewe uliye chini waona anga kidogo tu, nalo laweza kuwa la buluu. Kutoka ni kwa kupanda ukuta, na kuta hizo hazipandiki kila mahali. Kwa hiyo askari akisema leo hapaingiliki, hapaingiliki. Kijana asije akasema, "Lakini hakuna wingu."

Tena kanuni hii si ya korongo moja tu. Asubuhi ya tarehe 29 Aprili 2024, kabla ya kupambazuka, maji yaliporomoka karibu na Mai Mahiu yakaua makumi ya watu waliokuwa wamelala nyumbani mwao. Siku mbili baadaye mto Talek ulifurika huko Maasai Mara, na zaidi ya kambi kumi za wageni zikaingiwa na maji, watu wakaokolewa kwa helikopta. Zile zilikuwa kambi za watu wenye fedha na mafundi, zimejengwa kando ya mto kwa sababu kando ya mto hupendeza. Na sisi twapenda vivyo hivyo.

Tukiri la kwetu. Mwaka mmoja, mahali ambapo hatutapataja, tulipiga hema kumi na moja juu ya mchanga ulionyooka kama meza. Palikuwa laini, hapana mawe, vigingi viliingia kwa mkono. Tulijipongeza. Jioni akapita mzee Mmaasai na mbuzi wake, akasimama, akatazama, akasema, "Watoto wangu, mmelala njiani." Tukamwambia kwa heshima, "Mzee, hapa hakuna njia." Akasema, "Si njia ya watu." Tulibishana naye, tena kwa muda mrefu, kwa kuwa hema zilikuwa zimekwisha kusimama na ugali ulikuwa motoni. Mwishowe tulihama kwa manung'uniko, tukalala juu ya kichaka chenye mawe, na mmoja wetu ana maumivu ya mgongo hadi leo, au ndivyo asemavyo.

Usiku ule maji hayakuja. Vijana walitucheka asubuhi. Ndipo mzee alipotuchukua hadi kwenye mgunga mmoja ukingoni mwa mchanga, akatuonyesha matawini nyasi kavu, vijiti, na kipande cha mfuko wa plastiki, vimenasa juu ya vichwa vyetu. Hakuvitundika mtu. Tangu siku hiyo hatupigi hema kabla ya kutazama miti. Takataka zilizonasa matawini hukuambia kimo cha maji yaliyopita, na mchanga uliotandazwa vizuri hukuambia ni nani aliyeutandaza.

Turudi ziwani, maana kuna wasiopenda vilima. Kambi za kando ya Ziwa Naivasha zina nyasi, vivuli na choo cha kuvuta. Lakini kiboko hutoka majini usiku kuja kula nyasi hizo hizo, naye hana adabu kwa anayesimama kati yake na maji. Uliza kama kuna uzio wa umeme, uliza huwashwa saa ngapi, na kila kijana aambiwe wazi kwamba usiku haendi ng'ambo yake, hata kwa picha. Jambo lingine: usitegemee habari za zamani. Mwaka 2020 ziwa lilipanda likaingia katika nyumba za watu mtaa wa Kihoto. Kwa hiyo rafiki akikuambia, "Tulilala pale tulipokuwa sekondari, ni pazuri mno," mshukuru, kisha nenda ukaangalie kama pale pangali nchi kavu.

Uwanja wenyewe usomwe mchana, kwa macho ya mtu atakayelala. Tafuta mwinuko mdogo unaoteremsha maji ya mvua, usitafute shimo hata likiwa na majani mazuri. Usilale chini ya tawi kavu la mgunga. Tazama upepo watoka wapi, mlango wa hema uupe kisogo, na jiko liwe upande ambao cheche hazitarukia hema. Nyani wakikuzoea siku ya kwanza, mkate wote wa siku ya pili ni wao.

Kuhusu baridi twataka kusema kwa ukali kidogo. Watu wa Nairobi hudhani Bonde la Ufa ni joto. Mchana, ndiyo. Lakini Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya bahari, na usiku wa Julai na Agosti hali yaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Kila mtoto aje na blanketi mbili, soksi, na kitu cha kutandika chini, kwani baridi ya ardhini hushinda ya hewani. Kisichoruhusiwa kabisa, hata kwa dakika tano, hata kama makaa yameiva na hayatoi moshi, ni kuingiza jiko ndani ya hema. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi. Aliyelala haamki kukohoa, hulala zaidi. Kila majira ya baridi twasikia habari za watu waliokutwa asubuhi wamelala moja kwa moja, na jiko katikati yao. Mkuu wa kambi na ahesabu majiko kabla ya kulala kama anavyohesabu watoto.

Maji ya kunywa na kupikia, hesabu lita tano kwa mtu kwa siku, mbali na ya kuoga. Yachemshwe yakitokota kwa dakika tatu, kwa maana huku juu maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100. Kwa sababu hiyo hiyo githeri haiivi upesi. Ichemshwe nyumbani, kambini iungwe tu. Kama hakuna choo, shimo lichimbwe mbali na maji, hatua mia hivi, na lifukiwe siku ya kuondoka na yule aliyelichimba.

Mwisho, nenda kwanza bila vijana. Wawili watatu wapande matatu siku ya juma, wafike, waone bomba likitoa maji kweli na si kwa maneno, waulize ada na namna ya kulipa, wapate jina la mtu atakayekuwa zamu usiku, na wajue simu hushika mtandao wapi. Tulipowahi kupuuza jambo hili, tulifika na vijana arobaini tukakuta uwanja tulioahidiwa umekodishwa kwa harusi. Aliyetuahidi hatumtaji. Harusi ilikuwa nzuri, na tulipewa pilau.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Mmefika saa kumi na moja jioni. Uwanja wa juu una mawe na umejaa watu. Chini kuna mchanga mtupu. Vijana wamechoka na mtoto mmoja analia. Nani anaamua, na mtawaambia nini wanaotaka kulala chini?

2. Mwongozaji asema korongo ni salama leo, lakini mmoja wenu ameona wingu jeusi upande wa vilima. Mmekwisha kulipa. Mwafanyaje?

3. Ni mzazi gani wa mtaa wetu mwenye gari ambaye angekubali kuamshwa saa nane za usiku? Mwulizeni kabla ya Jumapili ijayo.