Haki ya Jamaa na Mlango wa Hawala

Ndugu zetu wa Nyeri, Nanyuki na Isiolo, somo letu ni hili: je, yafaa serikali kumzuia mtu kumpelekea jamaa yake fedha?

Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Siku chache baadaye Benki Kuu ya Kenya ilisimamisha leseni za kampuni 13 za hawala, ili fedha zisiwafikie Al-Shabaab. Zuio likaondolewa mwezi Juni. Katika muda huo, mjane wa Mogadishu aliyengoja posho ya nduguye alikuwa na kosa gani?

Kuwazuia wauaji ni wajibu, hatubishani. Lakini Sura ya Israa yatuamrisha kumpa jamaa haki yake, na sura hiyo hiyo yakataza mtu kutwikwa dhambi ya mwenziwe. Tena mlango wa halali ukifungwa, fedha hupita mfukoni mwa msafiri pasipo daftari, na serikali haioni kitu.

Basi twaona mwovu asakwe kwa jina lake, na asiyeandika hesabu afungiwe peke yake. Nasi wapelekaji tutoe majina yetu bila kinyongo, kwani afichaye jina lake humpa mwovu mahali pa kujificha.